Gurudumu la Mishumaa

Ibada ya nyumbani ya Majilio, wazazi na wana wakizunguka mishumaa minne kuisubiri Krismasi, chanzo chake si nyumba ya wazazi. Ilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839, katika makao ya watoto mafukara yaliyoasisiwa na Johann Hinrich Wichern mwaka 1833. Yasimuliwa kwamba watoto hawakuchoka kumwuliza Krismasi itafika lini. Akatwaa gurudumu kuukuu la mkokoteni, akalipamba mishumaa 24: mikubwa 4 ya Jumapili, midogo 20 ya siku nyingine, kwani mwaka ule Majilio yalianza tarehe 1 Disemba. Kila siku ukaongezwa mwanga mmoja, wakasali na kuimba. Aliyezoea kuungoja mwandamo wa mwezi ataielewa hesabu hiyo upesi. Desturi ilipoingia majumbani, midogo iliachwa. Ikabaki ile minne.