Zawadi si Ujira: Somo la Chui wa 1974



Kila mara habari inapoenea kwamba wachezaji wa timu yetu ya taifa wamegoma, hukumu hutangulia maswali. Pale karibu na Stade de l'Unité, hapa Goma, utasikia watu wakinung'unika: hawa wana magari na majumba Ulaya, wanadai nini tena? Na mwalimu wa mtoto wangu, ambaye mshahara wake hautoshi hata kodi ya nyumba, yeye aseme nini? Hasira hiyo haikuzuka bure. Katika mji ambamo wengi huamka bila kujua watakula nini jioni, si rahisi kumhurumia mwenye nacho. Hata hivyo, historia ya timu hiyo hiyo inatuonya tusiharakishe hukumu. Turudi nyuma zaidi ya miaka hamsini.

Mwezi Machi 1974, nchi yetu ikiitwa Zaire, Chui walitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika huko Misri. Fainali dhidi ya Zambia ilimalizika kwa sare ya 2-2, ikabidi irudiwe, nao wakashinda 2-0. Mabao yote manne yalifungwa na Ndaye Mulamba. Katika mashindano hayo alifunga jumla ya mabao 9, na hadi leo hakuna aliyefikia idadi hiyo katika mashindano mamoja. Rais Mobutu aliwapokea kwa shangwe, akamzawadia kila mchezaji nyumba na gari. Machoni pa raia, vijana hao walikuwa wametajirika kwa siku moja.

Miezi mitatu baadaye walikwenda Ujerumani Magharibi kwa Kombe la Dunia, wakiwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika huko. Tarehe 14 Juni walifungwa na Scotland 2-0, matokeo yasiyo ya aibu kwa wageni. Ndipo, kwa ushuhuda waliotoa baadaye, walipoambiwa kwamba marupurupu waliyoahidiwa hawatayapata. Fedha zilikuwa zimeishia mikononi mwa wakubwa waliofuatana na timu. Wachezaji wakatishia kutoingia uwanjani. Walishawishiwa, wakaingia, lakini miguu tu, bila moyo. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia iliwafunga 9-0.

Siku nne baadaye walikutana na Brazil. Wachezaji wamesimulia kwamba walitishwa: wakifungwa zaidi ya mabao matatu, wasirudi nyumbani. Walifungwa matatu kamili. Katika mechi hiyo Brazil walipata mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, beki Ilunga Mwepu alichomoka kwenye ukuta wa wachezaji, akaubutua mbali. Dunia nzima ilicheka ikidhani Mwafrika huyu hajui sheria za mchezo. Miaka mingi baadaye Mwepu alieleza kwamba sheria alizijua vyema. Alikuwa akipinga kuumia uwanjani wakati waliofaidi fedha wamekaa jukwaani.

Hapa ndipo penye fundo la jambo. Walipewa nyumba na gari, lakini ujira waliokubaliana ukazuiliwa. Zawadi na ujira vyaweza kuwa na thamani sawa sokoni, ila havifanani hata kidogo. Ujira ni haki: anayelipwa haombi, na anayelipa hajisifu. Zawadi hutegemea hiari ya mtoaji, nayo humfunga mpokeaji mdomo. Mtawala anayetoa zawadi hadharani na kuzuia ujira faraghani humgeuza mfanyakazi kuwa mfadhiliwa. Siku mfadhiliwa huyo akidai haki yake, umati utamwita asiye na shukrani, kwa kuwa umati uliliona gari. Mfuko uliotobolewa haukuuona.

Ndaye Mulamba aliujua uchungu wa kudhaniwa tajiri. Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kuenziwa kwa mchango wake katika soka la Afrika. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakiamini amekuja na fedha nyingi, wakampiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini, akaishi huko katika umaskini. Mwaka 1998, wakati wa Kombe la Afrika nchini Burkina Faso, ilitangazwa kimakosa kwamba amefariki, na uwanja ukasimama kimya kwa heshima yake, ilhali yu hai. Alifariki kweli tarehe 26 Januari 2019, mjini Johannesburg.

Mtu atasema: wale wa 1974 walikuwa maskini, lakini hawa wa leo? Ni kweli, hali imebadilika. Mwezi Januari 2017, huko Oyem, Gabon, Chui waligoma kufanya mazoezi siku chache kabla ya kupambana na Morocco, wakidai marupurupu yao. Wengi wao walikuwa na mikataba minono ya klabu za Ulaya. Waliingia uwanjani, wakaishinda Morocco 1-0, wakaongoza kundi lao. Je, utajiri wao ulifuta deni? Mwenye shamba la mizabibu katika Injili hakuwauliza vibarua wana nini nyumbani. Jioni ilipofika alimlipa kila mmoja, na waliotangulia wakapata dinari ile waliyopatana. Manung'uniko yao yalitokana na kutazama mkono wa mwenzao. Naye Papa Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alikubali kwamba mgomo ni njia halali ya wafanyakazi, ila kwa masharti na mipaka, wala usitumiwe vibaya.

Mipaka hiyo nayo ina uzito. Mchezaji akigoma, dunia husikia kabla ya jua kuzama. Mwalimu wa kijijini akigoma, yaweza kupita miezi bila mtu kuuliza. Mwenye sauti kubwa hapotezi haki yake, lakini anadaiwa zaidi: atumie sauti hiyo hata kwa wasiosikika. Tuliliona jambo hilo tarehe 7 Februari 2024, mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa, Chui waliziba midomo kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili wakavielekeza kichwani kama bunduki. Siku hizo vita vilikuwa vimekaribia Sake. Walifungwa 1-0, lakini kilio cha Mashariki kilionekana na mamilioni ya watu. Siku hiyo hawakudai marupurupu. Walitusemea sisi.

Basi, vijana, mkikutana katika vikundi vyenu, jiulizeni maswali haya. Mtu anapogoma, je, tunauliza kwanza ana kiasi gani, au aliahidiwa nini na nani ameshikilia? Je, hasira yetu kwa mchezaji imewahi kumwongezea mwalimu hata faranga moja? Na kesho, mmoja wenu atakapokuwa mwenye kulipa, iwe mafundi wawili au mtumishi wa nyumbani, je, atalipa jioni ileile, au atatoa zawadi siku ya sikukuu na kungoja ashukuriwe?