Pikapu za kazi: Hilux, D-Max na Land Cruiser

Hilux na Isuzu D-Max za sasa hubeba takriban tani moja na hutumia dizeli kidogo kuliko Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza mwaka 1984. Lakini injini zake husukuma dizeli kwa presha kubwa zikiongozwa na kompyuta. Dizeli yenye maji huharibu nozeli, na bei ya nozeli si mchezo.

Land Cruiser ya injini ya 1HZ, lita 4.2, haina turbo. Pampu yake ni ya kimakanika na fundi wa kawaida huiweza. Inakunywa mafuta, hilo halina ubishi.

Kwa lami ya Nairobi hadi Arusha, D-Max, inayounganishwa Nairobi, inatosha. Anayenunua dizeli ya madumu mashariki mwa Kongo abaki na 1HZ.