Kimo cha benchi la mashine ya msasa

Kimo cha benchi la mashine ya msasa ni urefu kutoka sakafuni hadi juu ya meza inayobeba mashine ya mkanda wa msasa, ambayo mafundi wa visu huitumia kusaga bapa na kutoa makali. Kimo hicho huamua mikono ya fundi itakuwa wapi wakati wa kazi. Benchi likiwa fupi mno, fundi huinama kutwa nzima na kuumia mgongo na shingo. Likiwa refu mno, hulazimika kuinua mabega, na mkono uliochoka haukishiki kisu imara.

Kipimo chenye maana zaidi si urefu wa meza peke yake, bali urefu wa mahali kisu kinapogusa mkanda, ukilinganishwa na mwili wa fundi mwenyewe.

Mashine

Mashine hii ina mota, magurudumu mawili au zaidi, na mkanda wa msasa ulioungwa kama pete unaozunguka juu yake. Upande wa mbele mkanda hupita juu ya bamba la chuma, na mara nyingi kuna kiegemeo kidogo cha kuwekea kisu. Mikanda ya mashine kubwa za mafundi wa visu huwa na upana wa sm 5 na urefu wa sm 183. Mashine ndogo za mezani hutumia mikanda mifupi zaidi. Neno msasa ni pia jina la mti (Ficus exasperata) ambao majani yake hukwaruza na hutumika kulainishia mbao.

Katika mashine nyingi mkanda huelekea chini upande wa mbele. Gurudumu lenye kipenyo cha sm 10 likizunguka mara 2,850 kwa dakika, mkanda husafiri takriban mita 895 kwa dakika, yaani karibu mita 15 kila sekunde. Ncha ya kisu ikinaswa, kisu hurushwa chini kuelekea mapaja na miguu ya fundi. Kwa hiyo kimo cha benchi ni suala la usalama, si la starehe tu.

Historia katika Tabora

Tabora ulikua katika karne ya 19 kama kituo kikuu cha misafara kati ya pwani na Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Leo Kanyenye ni mojawapo ya kata za manispaa yake. Kazi ya chuma ilikuwa sehemu ya biashara hiyo: majembe yaliyofuliwa na Wasumbwa na majirani wao yalifika Unyamwezi, yakatumika kwa kilimo, kwa mahari na kwa kununulia mahitaji njiani.

Mhunzi wa wakati huo alifanya kazi ameketi au amechuchumaa, na fuawe lake lilikuwa jiwe lililowekwa ardhini. Swali la kimo cha meza halikuwepo. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 zilikuja pia karakana zenye mashine. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitengeneza sarafu za dharura, zikiwemo za dhahabu za rupia 15, katika karakana ya reli ya Lulanguru karibu na mji huo.

Mafundi wengi wa Tanzania bado hufua visu na mapanga kutoka springi za magari na chuma chakavu, wakiwa wameketi. Anayehamia kwenye mashine huhama pia kutoka kuketi hadi kusimama, na meza yoyote iliyo karibu haimfai bila kupimwa.

Namna ya kupima

1. Fundi avae viatu vyake vya kazi, asimame wima, alegeze mabega na kukunja mkono kwa nyuzi 90. Mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi kiwiko (kisugudi).
2. Apime kutoka kitako cha mashine hadi katikati ya sehemu ya mkanda inayosaga kisu.
3. Kipimo cha pili kitolewe katika kile cha kwanza. Jibu ndilo kimo cha benchi.

Tuchukue mfano wa fundi wa Kanyenye ambaye kiwiko chake kiko sm 104 kutoka sakafuni, na mashine yake ina sm 30 kutoka kitako hadi katikati ya mkanda. Benchi lake liwe na sm 74. Akiiweka mashine hiyo juu ya meza ya sm 90, kisu kitagusa mkanda kwenye sm 120, yaani sm 16 juu ya kiwiko, na atafanya kazi mikono ikiwa kifuani.

Usawa wa kiwiko unafaa kwa sababu fundi huweza kubana viwiko mbavuni na kukisogeza kisu kwa mwendo wa mwili mzima, si kwa vifundo vya mikono. Hapo mstari wa makali hunyooka.

Kipimo hiki hurekebishwa kulingana na kazi. Kuondoa chuma kingi kwa msasa mkavu huhitaji kusukuma kwa uzito wa mwili, hivyo sm 5 hadi 10 chini ya kiwiko hufaa. Kumalizia makali huhitaji macho kuwa karibu, hivyo wengine hupenda sm 5 juu yake. Kabla ya kufunga bolti, ni vizuri kuinua au kushusha mashine kwa vipande vya mbao, kisha kuigiza kazi kwa dakika chache mota ikiwa imezimwa.

Benchi la watu wengi

Katika chuo cha ufundi au karakana ya pamoja, benchi hupimwa kwa fundi mrefu kuliko wote. Wafupi husimama juu ya jukwaa pana, imara na lisiloteleza. Kinyume chake hakiwezekani, kwa kuwa mrefu hawezi kuchimba sakafu.

Anayefanya kazi ameketi hupima kiwiko akiwa kitini. Miguu yake isikae chini ya mkanda, kwa sababu cheche huangukia hapo.

Uthabiti na usalama

Benchi liwe zito na mashine ifungwe kwa bolti, kwani mtikisiko huharibu kazi hata kimo kikiwa sahihi. Mbao ngumu kama mninga, unaopatikana katika misitu ya miombo ya Tabora, hufaa. Ndoo ya maji ya kupoza kisu iwekwe mahali fundi anapoifikia bila kujipinda.

Fundi avae miwani na barakoa, na asiwe na nguo inayoning'inia. Vumbi la mbao za vipini lisiachwe chini ya mkanda, kwa sababu cheche za chuma huweza kuliwasha. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake.