Mguu Pande

Neno la kwanza la kijeshi nililolijua sikulitoa kitabuni wala redioni. Nililipata kwa baba, uani kwetu Mwamkulu, jioni moja mimi na kaka yangu tukigombea ukoko wa wali. Baba hakuinuka kwenye mkeka. Alisema tu, "Mguu... sawa!" Tukaganda. Mikono ubavuni, vifua mbele, ukoko chini. Yeye akaendelea kula.

Baba alikuwa mgambo. Kwa msomaji asiyepajua, Mwamkulu ni kata ya wakulima wa mpunga, iko Mpanda mkoani Katavi. Masika majaruba yakijaa maji, mahali pakavu pa kuchezea kwata hapapatikani ovyo, kwa hiyo mazoezi hufanyika kiangazi, uwanja wa mpira, vumbi tupu. Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani niliwakuta vijana wako hapo alfajiri, bunduki za miti mabegani, wengine na viatu vya kambi, wengine na katambuga. Nikakaa chini ya mwembe na daftari langu. Mjomba, kaka yake mama, akaja akakaa karibu yangu bila kusema kitu. Nitamrudia.

Sisi wapenda maneno tumezoea kuyafuata kwenye mashairi na riwaya, lakini mimi nawaambia, nendeni siku moja mkasikilize gwaride. Kiswahili cha pale kimekunjwa kikakunjika. Nyumbani tunasema "geuka kulia". Kitenzi kwanza, upande baadaye. Mkufunzi hasemi hivyo. Anasema "Kuliaaa..." halafu kimya, halafu "...geuka!" Nusu ya kwanza inakuonya, nusu ya pili inakutenda. Ukitanguliza "geuka", nusu ya watu watakuwa wameshageuka kabla hujawaambia wapi. Ndiyo maana tunasikia "mbele... tembea", "nyuma... geuka", "heshima... toa". Kile kimya cha katikati ndicho kazi yenyewe. Kuruta mgeni hukijaza kwa hofu, anatangulia, mguu wake unalia peke yake uwanja mzima, na hapo ndipo anapopigishwa pushapu.

"Mguu sawa" yenyewe haina kitenzi kabisa. Hakuna anayeambiwa afanye nini, anatajiwa tu mguu na hali yake, na mwili unajaza yaliyobaki. "Mguu pande" ndiyo inanipendeza zaidi. Kwa sarufi ya darasani tungesema "mguu upande", lakini amri haitaki irabu mbili zigongane mdomoni mwa mtu anayepiga kelele, basi ile "u" ikamezwa. Mtoto wa darasa la kwanza anaijua "mguu pande" kabla hajajua kuandika jina lake, maana kiranja humwamuru hivyo mstarini kila asubuhi, na hajawahi kujiuliza pande ni nini.

Na "kulia"? Ni mkono wa kulia chakula. Askari anaambiwa ageukie upande wa tonge. Wamarekani wana kisa chao cha vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, kwamba vijana wa mashamba waliokuwa hawajui kushoto na kulia walifungwa manyasi makavu mguu mmoja na mabua mguu mwingine, kisha wakaamriwa kwa majina ya majani hayo. Sijui kama Mwamkulu tungehitaji hayo. Sisi tulishaambiwa tangu utotoni kwamba ukila kwa kushoto utachapwa.

Sasa haya maneno yana safari zake. Mkufunzi pale uwanjani anaitwa "afande", na vijana wanaliitikia neno hilo kana kwamba lilizaliwa Dodoma. Ni la Kituruki, efendi. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipotumwa na Ujerumani kuizima vita ya Abushiri na Bwana Heri pwani, alikwenda kwanza Cairo kuandikisha Wasudani waliokuwa wametumikia jeshi la Misri, na vyeo vya jeshi lile vilikuwa vya Kituruki. Wakaja navyo: efendi, shaushi, ombasha. Ombasha kwa Kituruki ni mkuu wa watu kumi. Askari wengine walitoka kusini, Msumbiji. Kwa hiyo katika kambi moja ya Mrima ulikuwa na ofisa Mjerumani, cheo cha Kituruki, kinywa cha Kiarabu cha Sudani, na Kiswahili kikiwaunganisha wote kwa sababu hakukuwa na kingine. Shaushi na ombasha wamekufa. Afande amebaki, tena amepanda cheo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia, batalioni ya 6 ya KAR, jeshi la Mwingereza, iliundwa upya na ikawachukua pia watu waliotekwa kutoka upande wa Mjerumani. Hebu mfikirie mtu huyo. Ameshapigwa viboko miaka mingi ili ageuke Kijerumani, sasa anafundishwa kugeuka Kiingereza, na kichwa cha pili kinatakiwa kisahau cha kwanza.

Raia walikuwa wanatazama. Ngoma ya beni, iliyoanza miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa Tanganyika nzima wakati wa vita hiyo, ilikuwa ni kwata iliyohamishiwa barabarani: mistari, sare, vyeo, tarumbeta, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana nani ananyoosha mguu zaidi. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Watu hubishana kama beni ilikuwa kumwiga mzungu au kumcheka. Mimi naona swali hilo linaulizwa na mtu ambaye hajawahi kucheza kwata. Ukiwa ndani ya mstari, miguu hamsini ikitua pamoja, raha inakuja yenyewe hata kama unamchukia anayeamuru. Baba alilisema hilo kwa njia yake: "Ukikanyaga na wenzio, njaa huisikii."

Yeye hakuwa askari wa mishahara. Mgambo wa zama zake ulitokana na hofu ya kweli. Novemba 1970 Wareno waliivamia Guinea ya Sékou Touré, Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote hapa jirani, na mwaka huohuo TANU ikatoa Mwongozo, ikitaka wananchi wenyewe wafundishwe ulinzi. Tanzania ilikuwa na sababu ya ziada ya kutoliachia jeshi peke yake silaha zote: Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, na wenzao wa Tabora wakafuata. JWTZ ilizaliwa Septemba mwaka huo. Basi wakulima wakatolewa mashambani wakafundishwa mguu pande mguu sawa, na Amin alipoingia Kagera mwaka 1978, mgambo kwa maelfu walikwenda vitani. Baba alikuwa bado mdogo, hakwenda. Alilijutia hilo mpaka mwisho, jambo ambalo mama hakulielewa kamwe.

Lakini waraka uleule wa 1971 ulikuwa na kifungu cha 15, kinachomkataza kiongozi kuwa na majivuno, kudharau na kuonea watu. Wafanyakazi wa viwandani walikishika kifungu hicho wakawagomea mameneja. Vijijini sikusikia kimeshikwa na mtu.

Vita ilipokwisha, mgambo alibaki na kwata yake na hakuna adui. Akapewa kazi nyingine. Wenye umri wangu mnaikumbuka kodi ya kichwa, ile ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003. Mnakumbuka watu wakilala porini. Katika kijiji kimoja ambacho sikitaji, baba akiwa na wenzake, waliwatoa wasiolipa usiku vitandani na kuwapanga mstari mmoja barabarani. Sisi nyumbani tuliambiwa amekwenda lindo. Nilikuja kujua nikiwa mkubwa kwamba mjomba alikuwamo mstarini.

Tangu siku hiyo mjomba hakukanyaga kwetu baba akiwapo. Kwenye msiba wa baba alikuja, akachimba kaburi, akanawa mikono, akaondoka kabla ya chakula. Kwa hiyo alipokaa chini ya mwembe asubuhi ile, nilijua hakuja kutazama vijana.

Nilimwacha hadi mkufunzi alipowapumzisha. Nikasema, "Mjomba, shikamoo tena."

"Marahaba. Unaandika nini?"

"Amri. Nataka nijue zilitoka wapi."

Akacheka kidogo. "Zilitoka kwa baba yako."

Nikamwomba anisimulie, na yeye akasimulia kama mtu anayehesabu magunia. Walikuwa watu kumi na mmoja. Baba alikuwa na tochi. Hakumpiga mtu, wenzake ndio waliopiga. Yeye aliwapanga tu, akasema hesabu namba, nao wakahesabu, mjomba akawa wa nne. Akasema mguu sawa. Shemeji yake alisimama sawa.

"Alinimulika usoni, mjomba wangu, akaihamisha tochi haraka. Akaenda kwa yule wa tano. Sijui kama aliona haya. Mimi niliona."

Nikamuuliza ikawaje.

Hapo niwaeleze kitu kuhusu gwaride. Amri anayoipenda kuruta kuliko zote ni ya mwisho, "tawanyika". Anaisubiri tangu alfajiri. Na anayeruhusiwa kuitamka si kila mtu, ni yule aliyekabidhiwa gwaride. Wengine wote wanaweza kukusimamisha.

"Mkubwa wao alikwenda kunywa pombe," mjomba alisema. "Akachelewa kurudi. Wenzake baba yako wakakaa chini. Yeye alibaki amesimama mbele yetu, na yeye mguu sawa vilevile, kama amefungwa. Mbu wanatuuma wote. Mpaka jogoo wa kwanza. Hakusema mguu pande, hakusema tawanyika."

"Alikuwa hana ruhusa," nikasema.

"Ndivyo na mimi nilivyojiambia," mjomba akajibu, akiinuka na kujikung'uta vumbi. "Lakini nilikuwa mdogo wangu mwenyewe siku ile, sikutaka kujua ruhusa. Nilitaka shemeji yangu aseme neno moja."

Uwanjani mkufunzi alikuwa amewarudisha mstarini. Mjomba alinisalimia mama, akasema atapita jioni, akashika njia ya majaruba.