Wosia na Hiba

Neno "wosia", ambalo wengine huliandika "wasia", lina asili ya Kiarabu na ni ndugu wa kitenzi "usia", yaani kuacha maagizo au nasaha, na ndiyo maana hubeba maana mbili: mawaidha ya mzazi, na tamko la mtu kuhusu mgawanyo wa mali yake baada ya kufa. Sheria za kimila zilizotangazwa Tanzania mwaka 1963 zinatambua wosia wa maandishi na wa mdomo, huku ule wa mdomo ukihitaji mashahidi wasiopungua wanne.

Neno hili lisichanganywe na "hiba", ambayo ni zawadi inayotolewa mtoaji akiwa hai. Mzee wa Katandala, mjini Sumbawanga, akiandika wosia kuhusu shamba lake la mahindi, shamba hubaki lake. Akilitoa hiba, limekwisha kumtoka.

Tofauti hiyo ina uzito hata katika matibabu. Nchini Marekani, Medicaid, mpango wa serikali wa kuwatibu wenye kipato kidogo ulioanzishwa mwaka 1965, huhesabu mali ya mwombaji wa matunzo ya uzeeni, na majimbo mengi hukagua hiba za miezi 60 iliyotangulia.

Kwa hiyo anayekusudia wosia asiandike hiba.