Mkimbiaji na Waliomfungulia Njia

Sogeeni karibu na redio, na mwenye daftari alifungue. Katika masomo yetu ya historia tumezoea kusikia habari za wafalme na vita. Leo tutasikia habari za wachezaji wa mpira wa Marekani, kwa maana historia yao inatufundisha jambo kubwa, nalo ni kumpa kila mtu sifa iliyo haki yake.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe. Huu si mpira tunaoucheza sisi kwa miguu. Mpira wao una umbo la yai, nao huchukuliwa mikononi. Kila timu ina watu 11 uwanjani. Timu inayoshambulia hupewa nafasi 4 ili isogee mbele yadi 10. Yadi 1 ni futi 3, karibu sawa na hatua ndefu ya mtu mzima. Mtu anayepewa mpira akimbie nao tutamwita mkimbiaji. Mbele yake husimama watu 5 wenye nguvu, katika mstari mmoja. Hao hawakimbii na mpira. Kazi yao ni kuwasukuma wapinzani ili njia ipatikane. Mwalimu wa timu ndiye anayeamua nani asimame wapi, na kama mpira utarushwa au mtu atakimbia nao. Huo ndio mpango wa kushambulia.

Sasa sikilizeni vizuri. Yadi anazokwenda mkimbiaji huandikwa kwa jina lake. Wale 5 waliomfungulia njia hawaandikiwi hata yadi moja. Je, yadi hizo ni zake peke yake?

Mkulima akitaka kujua kama mavuno yametokana na mbegu au na udongo, hufanyaje? Hupanda mbegu ile ile katika mashamba mawili. Kisha hupanda mbegu mbalimbali katika shamba moja. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Mbegu moja, mashamba mawili. Mwaka 1969 timu ya mji wa Buffalo ilimchukua kijana aitwaye O. J. Simpson, aliyekuwa amekwisha kupata sifa kubwa katika mpira wa vyuo vikuu. Mwalimu wa timu, John Rauch, hakutaka kujenga mpango wake juu ya mkimbiaji mmoja. Mwaka ule Simpson alikimbia yadi 697 tu. Mwaka 1970 aliumia goti, akapata 488. Mwaka 1971, Rauch akiwa amekwisha kuondoka, alipata 742, na timu ilishinda mchezo 1 tu katika michezo 14. Watu wakaanza kusema kwamba sifa zake zilikuwa za bure.

Mwaka 1972 akaja mwalimu mwingine, Lou Saban. Yeye alisema mpira apewe Simpson, tena mara nyingi. Akatafuta vijana wenye nguvu wa kumfungulia njia: Reggie McKenzie mwaka 1972, na Joe DeLamielleure mwaka 1973. Mwaka 1972 Simpson alipata yadi 1,251. Mwaka 1973 alipata yadi 2,003 katika michezo 14. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyefika 2,000. Rekodi ya zamani ilikuwa yadi 1,863, aliyoiweka Jim Brown wa Cleveland mwaka 1963.

Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni shamba. Simpson mwenyewe alilijua hilo. Jina lake la utani lilikuwa Juice, neno ambalo kwa Wamarekani ni maji ya matunda, na pia ni umeme. Kwa hiyo wale wa mstari wa mbele waliitwa Kampuni ya Umeme. Tarehe 16 Desemba 1973, alipokwisha kuvuka yadi 2,000 mjini New York, waandishi wa magazeti walimngoja yeye. Akaingia na wenzake walioshambulia pamoja naye, wapate kuonekana. Baadaye maisha ya Simpson yaliingia katika mambo mazito ya mahakamani, lakini hayo si somo la leo.

Mbegu mbalimbali, shamba moja. Twende mji wa Denver. Mwaka 1995 mwalimu Mike Shanahan na msaidizi wake Alex Gibbs walileta mpango wa namna yake. Watu wa mstari wa mbele hawakuambiwa, “Wewe msukume yule.” Waliambiwa wasogee wote pamoja upande mmoja, kila mtu akilinda sehemu yake. Mkimbiaji alitazama ufa unapotokea, akakata kona mara moja, akapenya.

Mwaka ule ule walimchukua Terrell Davis. Katika uchaguzi wa vijana wapya alikuwa mtu wa 196. Yaani timu zote zilimpita mara nyingi. Mwaka 1998 alikimbia yadi 2,008 katika michezo 16, na Denver ikapata ubingwa miaka miwili mfululizo. Mwaka 1999 aliumia goti vibaya. Basi akaingia Olandis Gary, akapata yadi 1,159. Mwaka 2000 Mike Anderson akapata 1,487. Mwaka 2002 Clinton Portis akapata 1,508.

Hapo watu wakasema, “Kumbe ni mpango tu! Yeyote angeweza.” Maneno hayo yalimwumiza Davis. Kwa ajili ya hayo, na kwa kuwa alicheza miaka michache, alingoja mpaka mwaka 2017 ndipo akaingizwa katika jumba la heshima la wachezaji wakuu.

Je, walisema kweli? Nusu tu. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyefika yadi 2,008. Tena katika michezo 8 ya kuwania ubingwa, ambayo ni migumu kuliko yote, Davis alikimbia yadi 1,140. Shamba lilikuwa jema, na mbegu nayo ilikuwa njema.

Basi, wanafunzi wapenzi, mkisikia mtu akisifiwa, msikatae sifa yake, bali ulizeni: Nani alipanga kazi? Nani alifungua njia? Na mkisikia mtu akilaumiwa kuwa hafai, ulizeni kama amepewa shamba la kuotea. Huenda ni Simpson wa mwaka 1969. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini Simpson alipata yadi chache mwaka 1969 na nyingi mwaka 1973?
2. Kwa nini watu walimwonea shaka Davis? Wewe waonaje?
3. Tafuta tofauti: 2,008 toa 2,003. Je, ni haki kulinganisha hesabu hizi, ikiwa mmoja alicheza michezo 14 na mwingine 16?
4. Andika sentensi tatu juu ya kazi ya kijijini kwenu ambayo mmoja husifiwa na wengi huifanya.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.