Hokusai Alianza na Patasi

Anayetaka kuwajulisha watoto Katsushika Hokusai huanza na lile wimbi kubwa, lenye makucha ya povu juu ya mashua tatu, na Mlima Fuji ukiwa kichuguu kwa mbali. Kisha husimulia habari za mzee aliyehama nyumba zaidi ya mara 90 na kubadili jina zaidi ya mara 30. Hayo yanafurahisha, lakini ni kushika hadithi kwa mkia. Picha hiyo ilitoka mnamo 1831, Hokusai akiwa na miaka 70 hivi. Alizaliwa mwaka 1760 huko Edo, mji ambao leo ni Tokyo, na akiwa bado kijana mdogo aliwekwa karakanani ajifunze kuchonga mbao za kuchapia. Nadhani mtoto naye aanzie hapo, kwenye patasi, kwa sababu bila karakana hataelewa hata anachokitazama. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akachimba kote pasipo na mstari, na mchoro wenyewe ukaishia hapo hapo. Mchapaji alipaka rangi, akalaza karatasi juu ya ubao na kuisugua mgongoni, na kwa kawaida kila rangi ilikuwa na ubao wake. Fedha zilitoka kwa mchapishaji, Nishimuraya Yohachi. Mtoto akiuliza picha halisi ya wimbi iko wapi (na watoto huuliza), jibu ni kwamba haikuwahi kuwapo moja: zilikuwa nakala nyingi, za bei ambayo mtu wa kawaida mjini aliimudu. Hata buluu yake nzito ilibuniwa Berlin, ikafika Japani kwa meli za biashara. Mfululizo wenye picha hiyo ya wimbi ulitangazwa kuwa wa mandhari 36 za Fuji, ukafika picha 46. Penye wanunuzi, mchapishaji hafungi duka.

Wapo watakaosema mtoto anataka shujaa, si maelezo ya kiwanda. Hokusai mwenyewe hakuwaona wanaojifunza hivyo: mwaka 1812 alitoa kitabu kinachoonyesha jinsi mnyama au mtu anavyoanza kwa duara na mraba, na kuanzia 1814 yakafuata majuzuu ya *Manga*, yaliyojaa vielelezo vya kuigwa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wazo lilikuwa lake, wengine walitekeleza tu. Kwamba wazo lilikuwa lake, sibishi. Lakini ipo barua yake kwa mchapishaji, akisihi mchongaji asiongeze kope za chini ambazo yeye hakuzichora, na achonge pua kwa namna ya Hokusai, si kwa mtindo wa wachoraji wa ukoo wa Utagawa. Mtekelezaji mtupu asingemtia wasiwasi kiasi hicho, na aliyeandika hivyo alijua kutokana na ujana wake patasi inaweza kuufanya nini uso wa mtu. Vivyo hivyo binti yake Ōi, mchoraji hodari aliyeishi na kufanya kazi naye uzeeni, anastahili kutajwa kwa jina, ingawa si haki kumpa kila picha ya mwisho ya baba yake bila ushahidi. Mwaka 1834 Hokusai aliandika kwamba alichora tangu ana miaka sita, na kwamba lolote alilofanya kabla ya sabini halikuwa la kuhesabiwa. Maneno hayo yasomwe baada ya karakana, mtoto akiwa tayari anajua ni kazi ya miaka mingapi ambayo mzee huyo anaitupa kando.